Sampuli ya alama za CD: kuichukua Kigoma au Tabora ifike hai, na kuisoma ripoti ikirudi

Ukiona seli changa zimejaa kwenye slaidi ya mgonjwa wa Kasulu, Urambo au Nzega, hadubini itakwambia kuna lukemia, lakini mara nyingi haitakwambia ni ipi. Seli hizo changa huitwa blasti, na blasti ya limfu na blasti ya mieloidi zinaweza kufanana hata kwa jicho lililozoea, ilhali matibabu yake ni tofauti kabisa. Kinachozitenganisha ni protini zilizokaa kwenye utando wa seli: vipokezi vinavyopokea ujumbe kutoka nje, vishikizo, hata vimeng'enya. Protini hizo hupewa namba za CD (cluster of differentiation), utaratibu ulioanzia kwenye mkutano wa wataalamu mjini Paris mwaka 1982. Kingamwili iliyofungwa rangi inayong'aa hushika protini moja tu, seli hupita moja moja mbele ya leza, na mashine husoma nani anang'aa na kwa kiasi gani. Hiyo ndiyo flosaitometri.

Mashine yenyewe iko mbali, lakini majibu yake huharibikia wilayani: dawa iliyotolewa mapema, chupa isiyofaa, barafu, safari iliyoanza Ijumaa jioni. Maelezo haya ni kwa daktari na mtaalamu wa maabara wanaotuma sampuli kutoka mikoa hii miwili kwenda maabara ya rufaa Mwanza au Dar es Salaam.

Kuhusu mashine ya CD4

Wengi wameijua CD kupitia CTC, yaani kliniki ya huduma na tiba ya VVU. CD4 ni kipokezi cha seli T (aina ya limfosaiti), na ndicho VVU hukitumia kuingilia. Basi watu huuliza kama mashine ya CD4 iliyopo hospitalini haiwezi kusoma lukemia pia. Haiwezi. Kanuni ni ileile, lakini mashine nyingi za kliniki zimetengenezwa kutambua CD3, CD4 na CD8 ndani ya kundi la limfosaiti tu. Njia zake za rangi ni chache na programu yake imefungwa. Blasti ikipita, itaachwa nje ya hesabu au itahesabiwa vibaya. Hesabu ya CD4 iliyopatikana kwa mgonjwa mwenye blasti nyingi kwenye damu usiitumie kwa uamuzi wowote.

Jambo jingine la kujua mapema: si kila CD ni kipokezi. CD117 ni kipokezi kweli (cha homoni inayokuza seli mama za damu), CD25 na CD123 ni sehemu za vipokezi vya intalukini, CD64 hupokea mkia wa kingamwili. Lakini CD10, CD13 na CD38 ni vimeng'enya. Kwenye ripoti zote zinasimama kwa safu moja kama alama, na kazi yake ya asili haibadilishi namna ya kuzisoma.

Kabla ya sindano, angalia dawa

Kosa linalopoteza majibu kuliko yote hutokea wodini. Mtoto amekuja na tezi kubwa shingoni, ngozi imepauka, anahema; mtu anaandika prednisolone au deksamethazoni "ili atulie kwanza". Seli changa za limfu huyeyuka kwa steroidi ndani ya siku moja au mbili. Sampuli ikichukuliwa baada ya hapo, uboho unaweza kuonekana karibu mtupu au wenye blasti chache zilizokufa nusu, na ripoti itarudi bila jina. Kisha mtoto anapata nafuu ya wiki chache na ugonjwa unarudi ukiwa mgumu zaidi. Kwa hiyo damu kwanza, steroidi baadaye. Kama kuna uvimbe unaobana njia ya hewa na dawa haiwezi kusubiri, chukua damu kwenye chupa mbili za EDTA (kofia ya zambarau, huzuia damu kuganda) na utengeneze slaidi nne kabla dozi haijaingia. Kazi hiyo ni ya dakika tano.

Muulize mama au mzee aliyemleta mgonjwa kwa maneno ya kawaida: amepewa vidonge gani vya pumu, vya mzio, vya uvimbe? Maduka ya dawa huuza prednisolone kirahisi, na wengi hawaijui kwa jina. Uliza rangi na idadi, omba waonyeshe karatasi iliyofungia vidonge. Kama ameshameza, sampuli bado ichukuliwe, ila iandikwe kwenye fomu: dawa gani, lini, kiasi gani. Fanya hivyo pia kwa haidroksiurea, kwa damu aliyoongezewa, na kwa rituksimabu kama alishawahi kutibiwa rufaa. Dawa hiyo hukaa juu ya CD20 na kuifunika, hivyo seli B zitasomeka kana kwamba hazina CD20. Maabara ikijua, itazitafuta kwa CD19.

FBP na slaidi

Mashine nyingi za FBP (picha kamili ya damu) wilayani hugawa seli nyeupe katika makundi matatu. Blasti haina kundi lake humo. Hutupwa kwenye limfosaiti au kwenye kundi la katikati, na karatasi hutoka imeandikwa "limfosaiti 82%" kana kwamba ni mafua makali. Mgonjwa mwenye himoglobini ndogo, chembe sahani chache na limfosaiti nyingi mno lazima aangaliwe kwa macho. Hesabu seli 200 badala ya 100. Kwa vigezo vya WHO, blasti 20% au zaidi kwenye damu au uboho ndiyo mpaka wa kawaida wa lukemia kali ya mieloidi, na asilimia hiyo hutoka kwenye slaidi. Asilimia ya flosaitometri haiwezi kuchukua nafasi yake, kwa sababu kuyeyusha seli nyekundu na damu ya pembeni iliyochanganyika na uboho huivuruga.

Slaidi itengenezwe hapo hapo kitandani, au ndani ya saa moja kutoka kwenye EDTA. Baada ya saa tatu hivi EDTA huanza kubadilisha sura: kiini hukunjika, vishimo hutokea kwenye saitoplazimu, na limfosaiti ya kawaida huanza kuigiza blasti. Tone dogo, slaidi ya kusukumia ikiwa imeinama nyuzi 30 hadi 45, mwendo mmoja bila kusita. Ikauke kwa hewa, kisha iwekwe kwenye methanoli safi. Methanoli iliyoachwa wazi hunyonya unyevu, na msimu wa masika utaona seli nyekundu zimejaa duara ndogo zinazometameta: hayo ni maji, wala si ugonjwa. Mtaalamu aliyezoea malaria azingatie pia bafa ya kuchanganyia rangi. Kwa vimelea tunatumia pH 7.2, lakini kwa seli nyeupe pH 6.8 ndiyo inayoonyesha chembechembe na umbo la kiini vizuri, kwenye 7.2 kila kitu huelekea bluu. Andika jina na namba kwa penseli kwenye ncha iliyokwaruzwa, kwa sababu wino wa kalamu utaondoka na methanoli.

Tuma slaidi mbili zilizopakwa rangi na mbili ambazo hazijapakwa. Zisisafiri kwenye boksi moja na chupa ya fomalini. Mvuke wake hupenya mfuko, na slaidi ambazo hazijapakwa zitashika rangi ya kijani-bluu iliyofifia isiyosomeka.

Damu au uboho?

Kama blasti zimejaa kwenye damu, damu inatosha kwa alama za CD, na hakuna haja ya kumchoma mtoto nyongani ili kupata kitu kilichomo tayari mkononi. Uboho unahitajika pale ambapo seli nyeupe ni chache, au pale unaposhuku mieloma (saratani ya seli za plazma).

Kwenye uboho tatizo kubwa ni tamaa ya kuvuta kingi. Mvuto wa kwanza, kiasi cha nusu mililita hadi moja, ndio wenye seli za uboho hasa. Kinachofuata kinazidi kuwa damu. Wengi huvuta mililita tano kwa mkupuo, na maabara ikapokea damu yenye harufu ya uboho. Vuta kidogo, tengeneza slaidi haraka kabla haijaganda, kisha badilisha bomba, zungusha sindano kidogo au isogeze, uvute mililita moja au mbili za kuweka kwenye chupa ya EDTA. Ukiona vipande vidogo vya mafuta na chembe vinavyoteleza kwenye slaidi, umepata. Usipoviona, andika hivyo kwenye fomu.

Chupa, ujazo, kuchanganya

Kofia ya zambarau, yaani EDTA, ndiyo ya kawaida. Mtu mzima mililita 4, mtoto mdogo 1 au 2. Kofia ya kijani yenye sodiamu heparini huhitajika kama kipimo cha kromosomu kimeombwa pia. Seli huishi humo muda mrefu zaidi kidogo, lakini slaidi zitakazotengenezwa kutoka humo zitakuwa na kivuli cha bluu. Kofia nyekundu haifai kwa sababu damu huganda. Fomalini haifai kabisa kwa sampuli hii.

Pindua chupa taratibu mara 8 hadi 10 mara tu damu inapoingia. Usitikise. Kabla ya kufunga boksi, inamisha chupa uangalie ukutani, au pitisha kijiti safi: donge dogo kama punje ya mchele limekamata seli nyingi, na zilizobaki haziwakilishi kilichokuwemo. Donge likiwepo, rudia.

Ujazo unategemea wingi wa seli. Maabara huhitaji takribani seli milioni moja kwa kila bomba la kupimia. Mgonjwa mwenye seli nyeupe 50 × 10⁹ kwa lita ana milioni tano kwenye mikrolita 100, kwa hiyo damu yake itapunguzwa makali kwa bafa kwanza. Mwenye 2 × 10⁹ ana laki mbili tu kwenye ujazo huohuo. Atahitaji mikrolita 500 kwa kila bomba, na mabomba yakiwa sita, mililita tatu zimekwisha kabla hujarudia kitu. Basi mwenye seli chache ndiye wa kuchukuliwa damu zaidi. Watu wengi hufanya kinyume.

Safari

Saa inahesabiwa tangu damu ilipotoka mshipani, si tangu basi lilipoondoka stendi. Lenga sampuli ifike na kuanza kufanyiwa kazi ndani ya saa 24. Saa 48 iwe mwisho. Baada ya hapo nyutrofili zinakufa kwanza, monosaiti zinafuata, na seli za plazma zinapoteza CD138 hata kama bado zipo. Seli mfu ni hatari kuliko seli iliyopotea, maana hunyonya kila kingamwili na kuonekana zina alama zote.

Kwa hiyo siku nzuri ni Jumatatu hadi Jumatano. Piga simu kwanza maabara inayopokea, uliza kama vitendanishi vipo na nani atakuwa zamu, umwambie basi litafika saa ngapi. Kutoka Tabora kwenda Mwanza kupitia Nzega na Shinyanga, damu iliyochukuliwa usiku au alfajiri ikapanda basi la kwanza hufika siku hiyohiyo. Kutoka Kigoma njia ya Kibondo, Nyakanazi na Geita ni ndefu, ingawa daraja la Kigongo–Busisi limeondoa kungoja kivuko. Kama kuna ndege siku hiyo, panga damu ichukuliwe asubuhi ya ndege, wala si jana yake. Treni ya reli ya kati kwenda Dar es Salaam iachie slaidi na vipande vya fomalini. Kwa damu hai ni mwendo mrefu mno.

Joto linalotakiwa ni la chumba, nyuzi 18 hadi 25. Hapa ndipo mfumo wa sampuli tuliouzoea unatuponza. Plazma ya HVL (kipimo cha wingi wa VVU) husafiri ikiwa baridi, kwa hiyo mpokeaji wa boksi akiona damu nyingine huiweka humo humo kwa nia njema. Damu iliyogusa barafu imepasuka. Weka boksi lake peke yake, na juu yake uandike kwa herufi kubwa: USIWEKE BARAFU. Jua la Septemba na Oktoba likiwa kali, tumia kifuko cha jeli kilichopoozwa tu bila kugandishwa, kikiwa kimefungwa gazeti, na kadibodi kati yake na chupa. Boksi lisikae juu ya injini wala kwenye buti la chini.

Ufungaji ni wa tabaka tatu. Chupa iliyofungwa vizuri, ikiwa imezungushiwa pamba au karatasi ya kunyonya inayotosha kunywa damu yote ikivunjika. Mfuko au kopo lisilovuja. Boksi gumu la nje lenye alama ya UN3373 (ya sampuli za kibayolojia) na namba ya simu ya mtu anayepokea. Fomu ikae nje ya mfuko wa pili, isilowe.

Fomu yenyewe ijazwe kama barua kwa mtu asiyemwona mgonjwa. Majina mawili ya utambulisho, umri, tarehe na saa ya kuchukua sampuli, damu au uboho, FBP yote, ukubwa wa wengu kwa sentimita chini ya mbavu, tezi ziko wapi, hali ya VVU, malaria ya hivi karibuni, dawa. "Kupima saratani ya damu" peke yake haimsaidii mtu kuchagua kingamwili, na kingamwili ni ghali. Maabara ikikosa mwelekeo itapima kidogo au itapima visivyo.

Njia ya fomalini

Kuna wakati saa 48 hazipatikani: mvua, mgonjwa wa kijijini Uvinza, mashine ya rufaa imeharibika. Usilazimishe. Tezi iliyotolewa nzima, au kipande cha mfupa kutoka nyongani, kikiwekwa kwenye fomalini yenye bafa hubaki na alama zake nyingi kwa kupimwa kwa kingamwili juu ya slaidi: CD20, CD3, CD10, CD30, CD15, CD138, CD34, TdT (kimeng'enya cha seli changa za limfu), Ki-67 (protini ya seli zinazogawanyika). Kwa limfoma ya Hodgkin hiyo ndiyo njia bora kabisa, maana seli zake kubwa ni chache na flosaitometri ya kawaida huzikosa.

Lita moja ya fomalini ya 10% yenye bafa: mililita 100 za fomalini ya dukani, maji mililita 900, gramu 4 za sodiamu fosfeti yenye hidrojeni mbili (NaH₂PO₄·H₂O), gramu 6.5 za ile yenye hidrojeni moja isiyo na maji (Na₂HPO₄). Fomalini iwe mara kumi ya ujazo wa kipande. Tezi kubwa ipasuliwe katikati kwanza, la sivyo ndani inaoza huku nje ikiwa imeshika. Masaa 24 yanatosha. Wiki tatu kwenye chupa zinaua alama. Mfupa ukihitaji kulainishwa, EDTA ya polepole ni bora kuliko asidi kali, kwa sababu asidi hula alama na DNA pia.

Kinachofanyika mezani

Maabara inayopokea huhesabu seli na kuangalia uhai kabla ya yote. Kisha damu huchanganywa na kingamwili zilizopimwa dozi, dakika 15 hadi 20 gizani kwa joto la chumba, amonia kloridi huyeyusha seli nyekundu kwa takribani dakika 10, sentrifuji dakika 5 kwa 300 g hivi, kuosha, kusoma.

Hatua moja inafaa kujulikana hata huku wilayani kwa sababu ndiyo chanzo cha ripoti nyingi za kutatanisha. Kapa na lamda, minyororo myepesi iliyo kwenye kipokezi cha seli B, zipo pia kwa wingi kwenye seramu. Damu isipooshwa mara mbili au tatu kwa bafa ya uvuguvugu kabla ya kuweka kingamwili, seramu hunywa kingamwili yote na seli hubaki hazina rangi. Ukisoma "minyororo myepesi haikuonekana" kwenye seli B zilizokomaa, piga simu uulize kama ziliooshwa.

Jopo la kwanza kwa lukemia kali huwa dogo. Lile la EuroFlow, kundi la maabara za Ulaya, lina kingamwili nane: CD45, CD34, CD19, CD7, CD3 ya juu ya seli, na ndani ya saitoplazimu CD3, CD79a na MPO (kimeng'enya cha seli za mieloidi). Hizo nane hutosha kusema ukoo wa seli, ndipo jopo la pili lichaguliwe.

Kusoma ripoti

Anza na CD45 na mtawanyiko wa pembeni, yaani jinsi seli ilivyojaa chembechembe. Limfosaiti zina CD45 kali na mtawanyiko mdogo. Nyutrofili mtawanyiko mkubwa. Blasti hukaa pale pasipotakiwa kuwa na umati, CD45 hafifu na mtawanyiko mdogo. Ripoti nzuri itasema kundi hilo ni asilimia ngapi na kisha itaje alama zake. Kama ripoti inataja alama bila kusema ni za kundi lipi, irudishe.

Chukua mfano huu wa kubuni wa mtoto wa miaka minne: blasti 68%, CD45 hafifu, CD34 chanya, CD19 chanya, CD10 kali, CD79a ya ndani chanya, TdT chanya, CD20 kwa sehemu, minyororo myepesi hasi, MPO hasi, CD3 ya ndani hasi, CD13 hafifu. CD19 pamoja na CD79a na CD10 zinaipeleka kwenye seli B. CD34 na TdT zinasema ni changa. MPO na CD3 kuwa hasi kunafunga milango ya mieloidi na ya seli T. Jina: lukemia kali ya limfoblasti ya seli B. Ile CD13 hafifu, alama ya mieloidi, isikutoe kwenye mstari. Lukemia za seli B hubeba alama za kuazima mara nyingi, na bila MPO haitoshi kuita mchanganyiko wa koo mbili. Iandike hata hivyo, kwa sababu ndiyo itakayotumika kuwinda mabaki baada ya matibabu.

Seli T hujulikana kwa CD3 ya ndani, mara nyingi CD3 ya juu ikiwa haipo, na CD7 kali. Mieloidi kwa MPO, CD13, CD33 na CD117. Yenye asili ya monosaiti huongeza CD14 na CD64. Hapa kuna mtego: monosaiti pia zina CD4, kwa uhafifu. "CD4 chanya" kwenye blasti isiyo na CD3 si seli T.

Sasa badilisha mambo manne kwenye mfano ule: CD34 hasi, TdT hasi, CD20 kali na mnyororo mmoja mwepesi juu ya seli. CD19 na CD10 bado zipo. Hiyo ni picha ya limfoma ya Burkitt, na matibabu yake ni mengine. Katika mikoa yenye malaria nyingi kama hii miwili, mtoto mwenye taya lililovimba na meno kulegea anashukiwa Burkitt mpaka ithibitishwe vinginevyo. Virusi vya Epstein-Barr vinavyoambatana na ugonjwa huu huingia seli B kupitia kipokezi cha CD21, na malaria ya kurudiarudia huzichochea seli hizo zizaliane. Uvimbe huo hukua kwa siku, si kwa miezi; uchomwe kwa sindano nyembamba, slaidi ya Giemsa iangaliwe siku hiyohiyo (saitoplazimu ya bluu iliyokolea yenye vishimo), na usingoje ripoti ya CD ndipo uandike rufaa. Asidi ya yuriki na potasiamu vipimwe kabla ya dawa ya kwanza.

Kwa mtu mzima mwenye limfosaiti nyingi zilizokomaa, swali huwa ni lukemia sugu ya limfu. Pointi moja kwa kila moja: CD5 chanya, CD23 chanya, FMC7 hasi, minyororo myepesi hafifu, CD79b hafifu au hakuna. Nne au tano ndiyo yenyewe. Sifuri hadi mbili tafuta kingine, na CD5 chanya bila CD23 ifikiriwe limfoma ya seli za joho (mantle cell). Seli B za ukoo mmoja zifike pia 5 × 10⁹ kwa lita. Mieloma ni CD38 na CD138, kwa kawaida bila CD19, mara nyingi na CD56, zote zikiwa na mnyororo mmoja.

Lukemia sugu ya mieloidi usiipelekee jopo la CD. Wengu umefika kitovuni, seli nyeupe laki mbili kwa mikrolita za kila umri, besofili zimeongezeka: tuma damu ya EDTA kwa kipimo cha jeni la BCR-ABL1. Alama za CD zitafaa tu blasti zikianza kujaa.

Mitego ya huku kwetu

Wengu mkubwa wenye limfosaiti nyingi Kigoma na Tabora si lazima uwe saratani. Malaria ya muda mrefu huweza kuukuza wengu hadi sentimita 10 na zaidi chini ya mbavu, IgM ikipanda sana, na slaidi ikaonekana kabisa kama lukemia sugu. Kapa na lamda ndizo mwamuzi. Seli B za mwili unaopigana na malaria ni mchanganyiko, kapa karibu mara mbili ya lamda. Seli B za saratani zimetoka kwa mama mmoja, kwa hiyo karibu zote zina kapa au karibu zote zina lamda. Mchanganyiko ukionekana, mgonjwa huanza tiba ya muda mrefu ya malaria na wengu hupimwa kwa sentimita miezi inayofuata.

Kwa watoto wanaopona maambukizi, uboho hujaa seli B changa za kawaida zenye CD10 na CD19, hata TdT. Tofauti iko kwenye mpangilio: za kawaida huonyesha ngazi, kutoka CD34 bila CD20 hadi CD20 bila CD34, wakati lukemia husimama kwenye ngazi moja. Ripoti ikisema tu "CD10 na CD19 chanya 7%" kwa mtoto mwenye FBP inayopanda, omba maelezo ya ngazi kabla ya kumwambia mzazi neno saratani. VVU nayo hugeuza uwiano wa CD4 na CD8, na virusi vya Epstein-Barr hujaza CD8 zilizopoteza CD7 kidogo. Bila kujua hali ya mgonjwa, mtu anaweza kuziita limfoma ya seli T.

Ripoti moja haingoji

Blasti zenye CD33 kali na CD117, lakini CD34 hasi na HLA-DR hasi, mtawanyiko mkubwa wa pembeni: hiyo inaelekea lukemia ya promielosaiti. Mgonjwa huyu hufa kwa kutokwa damu, mara nyingi ubongoni, ndani ya siku chache za kwanza. Maabara ipige simu, isisubiri karatasi. Huku wodini angalia PT (muda wa damu kuganda) na faibrinojeni kama vipo, ongeza chembe sahani au damu nzima mpya, usichome misuli, na dawa ya ATRA (tiba ya lukemia hii) ianze kwa kushuku tu, pale inapopatikana, kabla kipimo cha jeni hakijathibitisha. Slaidi yenye vijiti vingi ndani ya seli moja inatosha kukufanya upige simu hata kabla damu haijapanda basi.

Majibu yakishatoka, nakala ya ripoti nzima, pamoja na zile picha za nukta, iambatane na mgonjwa kwenda Bugando, Muhimbili au Ocean Road, pamoja na slaidi na kipande cha nta kama kipo. Muhtasari wa mstari mmoja kwenye barua ya rufaa hautamsaidia atakayetafuta mabaki ya ugonjwa mwezi ujao, na nakala ya pili ibaki kwenye faili lililoko hospitali ya mkoa, Kitete (Tabora) au Maweni (Kigoma), kwa sababu ile ya mgonjwa hupotea njiani.